Hotuba ya Mwenyekiti: Mkopo Uje na Ufundi



Miaka kumi hii tumejifunza kuweka na kukopeshana. Hilo tunalimudu. Tatizo letu ni ufundi. Sheria ya 1994 iliunda VETA, na waajiri hutozwa fedha za kuendeleza ujuzi. Ni jambo jema, ila chuo kiko mjini. Mama mwenye watoto na shamba ataendaje kukaa huko miezi?

Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Tunashukuru. Lakini jamani, mkopo ukitangulia na fundi hayupo, cherehani inakaa pembeni inakula vumbi, na rejesho linadaiwa vilevile!

Tunaiomba Serikali ilete walimu huku huku kata, jioni tukitoka shamba, wiki sita tu. Wafundishe kwa Kiswahili, maana wengi wetu tuliishia darasa la saba. Chumba tunacho, meza tutachongesha wenyewe. Mgeni Rasmi, tunaomba utupe tarehe.