Umeme Utarudi Lini?

Msikilizaji amekwisha kusikia kwamba Alhamisi, Julai 25, 2024, huko Austin, mkuu wa kampuni ya umeme ya CenterPoint Energy, Jason Wells, aliomba radhi mbele ya Tume ya Huduma za Umma ya Texas. Amesikia pia kwamba Gavana Greg Abbott aliipa kampuni hiyo hadi mwisho wa mwezi huo ieleze itafanya nini ili yaliyotokea wakati wa kimbunga Beryl yasitokee tena. Habari hizo zilisomwa asubuhi na jioni, na hapa hazitarudiwa.

Kinachokitia wasiwasi kituo hiki cha redio ni swali moja. Familia za Houston zilianza kuliuliza Jumatatu, Julai 8, wakati upepo haujatulia bado. Zililiuliza Jumanne. Zililiuliza Jumatano, friji zikiwa zimeanza kunuka. Umeme utarudi lini?

Hazikupata jibu.

Beryl hakikuwa kimbunga kikubwa kilipofika hapa. Wiki moja kabla kilikuwa kimekipiga kisiwa cha Carriacou, huko Grenada, kikiwa daraja la nne, na nyumba nyingi za kisiwa hicho zikabomoka au kuezuliwa. Usiku wa siku hiyo kikapanda hadi daraja la tano, mapema katika mwaka kuliko kimbunga kingine chochote kilichowahi kurekodiwa katika Atlantiki. Lakini kilipotua karibu na Matagorda, pwani ya Texas, kilikuwa daraja la kwanza, la chini kabisa. Na hilo la chini kabisa liliwakatia umeme wateja zaidi ya milioni 2.2 wa CenterPoint. Tena mteja katika hesabu hizi ni mita, si mtu. Nyuma ya mita moja kuna mama, kuna watoto, kuna bibi mwenye kisukari, kuna jamaa aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi. Wapo waliokaa gizani zaidi ya wiki nzima, katika joto ambalo mwilini lilihisiwa kupita nyuzi 38.

Wangeangalia wapi ili wajue zamu yao? Kampuni iliwahi kuwa na ramani kwenye intaneti iliyoonyesha mahali umeme ulipokatika. Ramani hiyo ilizidiwa Mei 16, pale dhoruba ya upepo ilipovunja vioo vya maghorofa katikati ya jiji na kuangusha minara ya nyaya kubwa huko Cypress. Ikaondolewa. Beryl kikafika Julai, karibu miezi miwili baadaye, na ramani ilikuwa haijarudishwa. Ile ya muda iliyotolewa baada ya kimbunga ilionyesha maeneo kwa rangi tu, na wakazi wakalalamika kwamba mitaa yao imepakwa rangi ya kuwa na umeme ilhali wao wamo gizani. Ndipo watu wa jiji la nne kwa ukubwa nchini Marekani wakageukia programu ya simu ya Whataburger, wauza baga, kwa sababu inaonyesha migahawa gani iko wazi na ipi imefungwa. Mgahawa ukiwa wazi, huenda mtaa ule una umeme. Familia zilipanga siku yao hivyo: twende kwa shangazi au tubaki, tununue barafu au tusubiri.

Tuseme ukweli kuhusu kazi yenyewe. Umeme haurudishwi nyumba kwa nyumba tangu mwanzo. Mafundi huanza na njia kuu zinazotoka kwenye mitambo, kisha vituo vya kupozea umeme, kisha hospitali na mitambo ya maji, kisha laini zinazolisha maelfu ya nyumba kwa mpigo mmoja. Vichochoro hufuata, halafu transfoma moja moja, na mwisho kabisa ule waya unaoingia nyumbani. Ndiyo maana ng'ambo ya barabara taa huwaka na upande huu pakabaki giza: pengine pande hizo mbili zinalishwa na laini tofauti. Safari hii miti ndiyo iliyofanya uharibifu mkubwa, ikianguka juu ya nyaya na kuzivuta pamoja na nguzo. Mti mmoja mkubwa unaweza kuwakalisha mafundi saa nyingi kabla waya haujaguswa. Hayo yanaeleweka. Mtu aliyekaa gizani anaweza kuyaelewa akielezwa. Anachoshindwa kukielewa ni kunyamaziwa.

Kwa sababu neno "lini" limebeba maisha. Mwenye insulini anahitaji kujua lini, ili aamue kama barafu itatosha au aihamishie dawa kwa rafiki. Mwenye mashine ya kupumulia anahitaji kujua lini, ili aondoke kabla betri haijaisha. Aliyenunua jenereta anahitaji kujua lini, na asipojua huiwasha usiku kucha, karibu na dirisha au ndani ya gereji, na gesi yake ya sumu isiyo na harufu ikaingia chumbani watu wakiwa wamelala. Katika dhoruba hii walikufa watu kwa gesi hiyo, na walikufa watu kwa joto ndani ya nyumba zao. Kimbunga kilikuwa kimekwisha kupita.

Kuna jambo lingine linalowachanganya wageni. Texas ina kampuni nyingi za kuuza umeme, na mtu huchagua mojawapo. Jina la kampuni hiyo ndilo linaloandikwa kwenye bili. Lakini nguzo na nyaya za Houston ni za CenterPoint, na hapo hakuna uchaguzi. Mpangaji wa Gulfton, Sharpstown au Alief anapoipigia simu kampuni iliyo kwenye bili yake, huambiwa kazi ya nyaya si yao. Anapiga mahali pasipohusika, kwa lugha isiyo yake, chaji ya simu ikielekea kuisha. Huko kusini-magharibi mwa jiji wanaishi Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wengi. Nao wanalipia umeme kama wengine, na sehemu ya kila bili inakwenda kwa mwenye nguzo.

Fedha hizo hizo ndizo zilizoulizwa baada ya Beryl. Baada ya baridi kali ya Februari 2021, ambayo kwa hesabu ya serikali ya jimbo iliua watu 246, sheria iliziruhusu kampuni za nyaya kukodi jenereta za dharura. CenterPoint ilikodi kwa zaidi ya dola milioni 800, na gharama ikawekwa kwenye bili za wateja. Beryl kilipokuja, zile kubwa, ambazo ndizo zilizokula sehemu kubwa ya fedha, hazikuwasha mtaa hata mmoja. Ni mitambo mizito isiyohamishika upesi, na haikukusudiwa dhoruba ya kuvunja nguzo. Mwananchi alilipia jenereta ambazo hazikumwashia taa. Alipouliza umeme utarudi lini, hakujibiwa. Kituo hiki kililisema hili baada ya upepo wa Mei, na kinalisema tena: anayelipa ana haki ya kuambiwa lini.

Kulikuwa na hasira mjini, na ilikuwa na sababu. Lakini iliwafikia wasiostahili. Mafundi wapatao 12,000, wengi wao kutoka majimbo mengine, walifanya kazi juani kuunga nyaya, na baadhi yao wakatishiwa na wakazi. Hilo ni aibu. Kijana aliye juu ya nguzo si yeye aliyeiondoa ramani, wala si yeye aliyekodi jenereta. Waliofanya maamuzi hayo wanajulikana kwa majina na vyeo, nao ndio wa kuulizwa.

Na waulizwe! Kampuni iliahidi ramani mpya ifikapo Agosti 1 mwaka huo. Kila mwenye simu aifungue, aandike mtaa wake, aone kama inasema kweli. Ikikosea, alalamike kwa maandishi kwa Tume ya Huduma za Umma. Kamati maalumu ya Seneti ya Texas ilikutana Jumatatu, Julai 29, huko Austin, na wakuu wa kampuni walikuwepo. Maseneta wasikubali kuambiwa "hivi karibuni". Wadai muda wa kurudisha umeme utangazwe mtaa kwa mtaa, usahihishwe kila unapobadilika, utumwe kwa ujumbe mfupi hata kwa simu isiyo na intaneti, na utumwe kwa lugha ambazo watu wa jiji hili wanazungumza, Kiswahili kikiwemo.

Msimu wa vimbunga huendelea hadi Novemba 30 kila mwaka, na miezi ya Agosti na Septemba ndiyo mikali zaidi. Hakuna muda wa kukaa. Mwenye mgonjwa anayetegemea mashine achukue fomu ya mgonjwa mahututi kwa kampuni iliyo kwenye bili yake, daktari aijaze, na bado apange mahali pa kumhamishia, kwani fomu hiyo haimhakikishii umeme. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha na milango. Mwenye nyumba ambaye bomba lake la kupokelea waya limeng'oka ukutani amwite fundi sasa, kwa sababu bomba hilo ni mali yake, si la kampuni. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba juu ya hilo leo na abaki na nakala. Aliyeharibikiwa chakula alichonunua kwa msaada wa serikali apige namba ya msaada 211 aulize kama anaweza kurudishiwa. Mkimbizi asidanganywe kwamba msaada wa FEMA, shirika la maafa la serikali kuu, ni wa raia peke yao. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi nao wanaruhusiwa kuomba.

Nawe piga simu ofisi ya seneta wako wa jimbo. Taja jina lako, taja mtaa wako, taja siku ulizokaa gizani. Kisha muulize dhoruba ijayo utaambiwa na nani, na kwa njia gani, umeme utarudi lini. Usikate simu kabla hujajibiwa.