Kura ya Mwaloni: Wavuvi wa Ziwa Viktoria na Siasa za Uganda



Hapa hospitali ya Mulago mvuvi hujulikana kwanza kwa ugonjwa. Tangu UKIMWI ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza Uganda, kwenye mwalo wa Kasensero, mwaka 1982, watafiti wamempima damu na kumdadisi habari za ngono. Za siasa haulizwi. Wengi wamekwisha kumhukumu: hajali, leo yuko Ggaba, kesho Buvuma, kura atapigia wapi?

Kuhamahama ni kweli. Samaki hamngoji mtu, na daftari la wapiga kura humfunga mtu mahali alipojiandikisha. Baria, yaani mfanyakazi wa mtumbwini, aliyejiandikisha Masese huenda siku ya uchaguzi yuko Kalangala. Lakini kukosa kura kwa namna hiyo si kutojali. Afadhali tutazame alivyofanya pale uongozi ulipokuwa karibu na mtumbwi wake.

Kanuni za 2003 ziliunda kamati za kusimamia mialo, zile BMU. Wajumbe walichaguliwa na watu wa mwalo wenyewe. Tajiri mwenye mitumbwi alikaa meza moja na baria asiye na chombo, na wanawake walikuwa na viti vyao. Sizipambi. Nyingi zilishutumiwa kwa rushwa na kufumbia macho nyavu haramu, na tajiri mara nyingi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Hata hivyo palikuwa na kiongozi wa kugombezwa uso kwa uso. Kumbukeni kwamba uchaguzi wa baraza la kijiji, LC1, baada ya 2001, haukufanyika tena hadi Julai 2018, watu wakipanga foleni nyuma ya wagombea. Katika pengo hilo, kura ya mwaloni ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mvuvi.

Mwishoni mwa 2015, uchaguzi mkuu ukinukia, Rais Museveni alizisimamisha BMU. Wapo wavuvi walioshangilia, hasa waliochoka kunyang'anywa nyavu. Mwaka 2017 jeshi likaingia ziwani. Nyavu haramu zikachomwa, mitumbwi isiyofika futi 28 ikapigwa marufuku, serikali ikajivunia kurudi kwa sangara wakubwa. Mialoni watu wakasimulia vipigo. Askari hachaguliwi wala haondolewi na mkutano wa mwalo. Kinyongo kikabakiwa na njia moja, kura ya mbunge na ya rais. Sidai kwamba ziwa ndilo lililokipa chama cha upinzani cha NUP ushindi wa Buganda mwaka 2021, ila wanajeshi wa ziwani walikuwa hoja ya kampeni. Na si lazima iwe hivyo: ng'ambo ya pili ya ziwa, Kenya, BMU bado zinachagua viongozi wake.

Wenzetu wa afya ya jamii, mara nyingi kamati zetu za BMU ndizo zilizowapokea mlipopeleka vipimo na dawa. Leo mnabisha hodi kwa nani? Naomba dodoso zenu zijazo zimuulize mvuvi amejiandikisha wapi kupiga kura, nani alimchagua kiongozi wa mwalo wake, na akidhulumiwa majini humwendea nani.