Kidonda kisichouma

Mgonjwa wa kisukari anaweza kutembea kutwa na msumari ndani ya kiatu asijue, kwa sababu sukari imeharibu mishipa ya fahamu ya nyayo. Kidonda kisichouma huchelewa kufikishwa hospitali, na hapo ndipo miguu mingi inapopotea.

Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas aliongoza mradi wa Hatua kwa Hatua, uliowafunza madaktari na wauguzi kuukagua mguu mapema. Kifaa kimojawapo cha kupima kama unyayo bado unahisi ni uzi wa nailoni unaobonyeza kwa gramu 10 tu.

Kidonda chenyewe kipimwe kwa rula kila wiki. Kisipopungua nusu baada ya wiki 4, kubadilisha bandeji pekee hakutoshi: mguu upunguziwe uzito, mzunguko wa damu upimwe, maambukizi yatafutwe hadi mfupani. Na kila anayekuja kliniki ya kisukari avuliwe viatu, hata kama hajalalamika.