Kadi za Picha za Kale na Maneno Yaliyo Nyuma Yake

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni kadi za posta zenye picha za kazi za sanaa za zamani, zile zinazouzwa katika nyumba za makumbusho, picha upande mmoja na maneno machache upande wa pili. Hatukusudii kueleza sanaa ya dunia nzima. Tumechagua kadi za namna moja tu, zenye picha za kazi za Benin, ufalme wa kale ulio kusini ya Nigeria ya leo, kwa kuwa ndani yake limo funzo linalotuhusu sana sisi watu wa kalamu na daftari. Tena gazeti letu hupigwa kwa stensili, nayo stensili haiwezi kutoa picha za namna hii. Basi wale watakaoyasoma haya wakiwa mbali watuwie radhi. Itawabidi waone kwa maneno.

Kadi ya posta ya kwanza ilitolewa na serikali ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na Uingereza ikafuata tarehe 1 Oktoba 1870. Kadi hizo hazikuwa na picha. Upande mmoja ulikuwa wa anwani na upande wa pili wa habari. Mwaka 1902 Posta ya Uingereza iliruhusu anwani na habari ziandikwe upande mmoja, uliogawanywa kwa mstari, na hivyo upande wa pili wote ukabaki kwa ajili ya picha. Kwa njia hiyo mtu asiyeweza kulipa nauli ya meli aliweza, kwa senti chache, kushika mkononi picha ya kitu kilichofungiwa katika kabati la kioo mbali sana na kwao. Faida hiyo ni kubwa, wala hatuidharau.

Lakini kadi ina udhaifu wake. Kipimo chake cha desturi kilikuwa sentimeta 14 kwa 9, na kila kitu kinachoingia humo hulazimika kuenea katika nafasi hiyo. Bamba la shaba la Benin, ambalo aghalabu urefu wake ni sentimeta 40 au 50, na uso wa pembe wenye urefu wa sentimeta 24 hivi, vyote viwili hutokea kama vitu vya kadiri moja. Uzito hauonekani, wala mgongo wa kitu hauonekani. Kwa hiyo jicho lahitaji msaidizi, na msaidizi huyo ni yale maneno machache ya nyuma.

Tutazame basi uso huo wa pembe. Ni sura ya mwanamke iliyochongwa kwa pembe ya ndovu katika karne ya 16. Kope zimeinama kidogo, midomo imetulia, na vipande vya chuma vilitiwa katika mboni za macho na katika paji la uso. Juu ya kichwa, kama taji, vimepangwa vichwa vidogo vya watu wenye ndevu na nywele ndefu. Hao ni Wareno, waliofika Benin katika miaka ya 1480 na kufanya biashara na wafalme wake. Yasemwa kwamba mwanamke huyu ni Malkia Idia, mama wa Mfalme Esigie. Mafundi waliochonga pembe walikuwa chama chao wenyewe chini ya mfalme, ambaye cheo chake huitwa Oba. Na mafundi wa kusubu shaba walikuwa na chama chao. Hawa wa shaba walifanya mfano kwa nta, wakaufunika kwa udongo, wakauchoma hata nta ikayeyuka na kutoka, kisha wakamimina shaba katika kalibu iliyobaki wazi.

Sasa tugeuze kadi. Desturi ni kuandika jina la kitu, mahali kilikotoka, karne yake, na mara nyingine namba ya makumbusho. Namba ya uso huu katika Makumbusho ya Uingereza, mjini London, ni Af1910,0513.1. Msomaji mwingine huipita namba kama asiyeiona. Karani hapaswi kuipita, maana ni ndugu wa namba za majalada yetu. Af ni Afrika. 1910 ni mwaka. 0513 ni mwezi wa tano, tarehe 13. Na 1 ni kitu cha kwanza katika fungu lililoandikishwa siku hiyo. Na mabamba ya shaba je? Mengi yana namba zinazoanza na Af1898,0115, yaani yaliandikishwa tarehe 15 Januari 1898, nayo yapata 200. Mtu yeyote aliyewahi kupokea mizigo ghalani atauliza mara moja: vitu 200 vilivyosubiwa kwa ajili ya jumba la mfalme mmoja, na vilivyokaa katika nchi yake karne nyingi, vilifikaje vyote kuandikishwa London siku moja?

Jawabu ni hili. Mwezi wa Januari 1897 kaimu balozi wa Kiingereza, James Phillips, alishika safari kwenda Benin, ijapokuwa Oba Ovonramwen alikuwa amempelekea habari kwamba asije wakati ule wa sikukuu. Msafara ukashambuliwa njiani. Phillips akauawa, na Wazungu wenziwe wote isipokuwa wawili, pamoja na wapagazi wengi Waafrika. Jeshi la Waingereza likaja, likauteka mji tarehe 18 Februari 1897. Jumba la mfalme likatwaliwa vitu vyake vya shaba na vya pembe, na mji ukashika moto. Oba akapelekwa Calabar, akafa huko mwaka 1914. Waingereza waliokufa waliandikwa majina. Watu wa Benin waliokufa hawakuhesabiwa. Vitu vikapelekwa Ulaya, vingi vikauzwa. Uso wa pembe ulipita mikononi mwa Ralph Moor, mkuu wa utawala wa Kiingereza katika nchi ile, kisha mikononi mwa mtaalamu C. G. Seligman, ndipo ukaingia makumbushoni mwaka 1910.

Haya yote, wenzetu, yamo ndani ya ile namba, lakini hayamo katika maneno mafupi kama «Benin, karne ya 16». Maneno hayo si uwongo. Kila moja ni kweli. Hata hivyo msomaji huachwa akidhani kwamba kitu kilitoka mkononi mwa fundi kikaenda moja kwa moja kabatini, bila mtu kulia katikati.

Tena yako makosa ya namna nyingine. Vitu hivi vilipofika Ulaya, walikuwako wataalamu waliodhani kwamba Mwafrika hakuweza kusubu shaba namna ile bila kufundishwa na Wareno. Maarifa yaliyopatikana baadaye yameivunja dhana hiyo. Vichwa vya shaba vya Ife ni vya zamani kabla ya Wareno kufika, na vitu vilivyofukuliwa Igbo-Ukwu katika miaka ya 1959 na 1960 ni vya karne ya 9 au ya 10 hivi. Wareno walileta vikuku vya shaba vya kuyeyushwa, ufundi waliukuta.

Mwaka 1977 Nigeria ilipofanya sikukuu kubwa ya sanaa za Waafrika mjini Lagos, iliufanya uso wa Idia kuwa alama yake, ikaomba kuazimwa ule wenyewe. Makumbusho ya Uingereza hayakukubali. Basi picha ya uso ikaenea kila mahali sikukuuni, nao wenyewe ukabaki London. Hapo twaona nguvu ya picha na mpaka wake pia: yaweza kwenda isikoweza kwenda asili, lakini haiwezi kushika mahali pake.

Kadi nayo huchakaa kwa maana. Mwezi wa Agosti 2022 wenye makumbusho ya Berlin waliikabidhi Nigeria umiliki wa vitu 512 vya Benin, na karibu theluthi moja vikaachwa Berlin kwa kuazimwa miaka 10. Mwezi wa Juni 2025 Uholanzi ilirudisha vitu 119. Kadi iliyochapishwa zamani ikisema «mali ya Berlin» ilisema kweli ya siku zake. Kama haina tarehe, leo yampotosha aisomaye. Barua isiyo na tarehe twaijua ilivyo taabu ofisini.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila mwanachama anayepata kadi ya namna hii ayaulize maneno yake mambo matano: Ni kitu gani, na kipimo chake? Kimefanywa kwa nini, na nani? Kilifanywa kwa ajili ya nani? Kilifikaje kilipo? Na maneno haya yaliandikwa lini? Wala asiseme nafasi haitoshi. Sisi tumejaribu, na hivi ndivyo tulivyoandika:

«Uso wa Malkia Idia, Benin. Pembe ya ndovu na chuma. Sentimeta 24 hivi. Kazi ya wachongaji wa mfalme, karne ya 16. Ulichukuliwa katika jumba la Oba mji ulipotekwa na Waingereza, 1897. Uliingia makumbushoni London, 1910.»

Mistari mitano, yaenea nyuma ya kadi, na mahali pa stempu pabaki.

Nasi tukumbuke kwamba kila siku twaandika maneno mafupi kama hayo katika daftari: jina la mtu, kabila lake, shamba lake, «amehama», «hakuonekana». Atakayesoma baada ya miaka 50 hatamwona yule mtu. Ataona mstari wetu tu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twaongeza kwa unyenyekevu kwamba hata penye daftari, habari yaweza kupotea, ikiwa aliyeandika hakutaka kusema kitu kilitoka wapi.

Tumekoma hapo, Bwana Mwenyekiti.