BABA YETU, MWALIMU WA DINI
Neno la watoto na wajukuu wake, lililosomwa siku ya jubilei ya parokia





Waliotayarisha sikukuu hii walituomba tuseme machache juu ya baba yetu, aliyekuwa mwalimu wa dini katika parokia hii tangu ujana wake mpaka mwaka 2003, Mungu alipomwita. Tumekubali kwa furaha na kwa woga. Kwa furaha, kwani mtoto hachoki kumtaja mzazi wake. Kwa woga, kwani baba hakupenda kusifiwa. Mtu alipoanza kumsifu alimkatiza: «Ngoja kwanza nimalize kazi.» Sasa kazi ameimaliza, nasi tunayo ruhusa ya kusema.

Kabila lake hatutalitaja. Ninyi mliomfahamu mnalijua, na wasiomfahamu hawana haja nalo. Yeye mwenyewe, alipoulizwa siku za vita kwamba ni mtu wa upande gani, alijibu kwamba ni mtu wa parokia.

Baba alibatizwa angali mtoto, wakati nchi yetu ilipoitwa bado Vikariati ya Ziwa Alberti, chini ya Mapadri Weupe. Tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka 1959, Baba Mtakatifu Yohane XXIII alipozifanya vikariati za Kongo kuwa majimbo kamili, nasi tukawa Jimbo la Bunia, baba alikuwa tayari mwalimu, mwenye mke na mtoto mmoja. Mshahara wake ulikuwa mdogo sana. Alikuwa na shamba la muhogo na maharagwe, kinga moja nyeusi, na koti moja alilolivaa mvua na jua. Kwa kinga ile alizunguka vijiji vyote alivyokabidhiwa, na padri alipofika kuungamisha na kusoma Misa, aliwakuta watu wamekwisha tayarishwa.

Wazee wanakumbuka nyakati za Zaire. Mwaka 1972 serikali ilipokataza majina ya kikristu, baba hakugombana na mtu yeyote. Kwenye biro alitii yaliyoandikwa. Lakini jioni, saa ya sala, alituita kila mmoja kwa jina lake la ubatizo, polepole, kama mchungaji anayehesabu mbuzi wake mbele ya kufunga zizi. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ilichukua shule za misioni, na somo la dini likaondolewa. Baba akatandika mikeka chini ya mwembe wetu, akaendelea kufundisha watoto pale, mpaka shule ziliporudishwa mikononi mwa Makanisa mwaka 1977. Wengi wenu mnaotusikiliza mlijifunza Baba Yetu na Salamu Maria chini ya mwembe ule.

Msifikiri kwamba alikuwa mtu asiyecheka. Sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya, na kwaya ilimjua. Hata hivyo aliimba kwa nguvu kuliko wote, akisema kwamba Mungu ndiye aliyempa sauti ile, basi na aisikie. Kwa wajukuu alikuwa babu wa karanga. Mfukoni mwa koti mlikuwa na karanga za kukaanga sikuzote. Aliuliza swali la katekisimu, na aliyejibu vema alipewa. Aliyekosa alipewa pia, akaambiwa: «Hizi ni za jibu la kesho.» Wajukuu wale leo ni watu wazima, tena wengine wana watoto wao, na mtindo huo wameuendeleza.

Lakini kati ya kazi zake zote, iko moja tunayopenda kuikumbuka leo zaidi. Padri alipokuwa mbali, mwalimu wa dini ndiye aliyezika wafu. Baba alizika watu wengi: Wakristu na wasio Wakristu, matajiri wa mji na wapita njia. Kila mara aliandika katika daftari jina la marehemu, siku, na mahali pa kaburi. Kwa mgeni ambaye hakuna aliyemjua, aliandika: «Mtoto wa Mungu», kisha akaonyesha mahali: karibu na mti fulani, hatua kadhaa toka njia.

Mnajua kwamba katika nchi yetu tarehe 1 mwezi wa 8 ni sikukuu ya wazazi. Asubuhi ni ya wafu: watu wanakwenda makaburini na majembe, wanalima, wanafagia, wanasali. Mchana ni ya walio hai: tunakula pamoja na wazazi wetu na kuwafurahisha. Baba alitupeleka makaburini alfajiri. Tulipokwisha kutengeneza makaburi ya ukoo wetu, tukitamani kurudi nyumbani kula, yeye alifungua daftari lake na kutuongoza kwenye makaburi yasiyo na watu. Sisi watoto tulinung'unika. Yeye alisema: «Huyu naye alikuwa na mama. Mama yake hawezi kufika leo. Limeni.»

Ndipo vikaja vita. Vilianza katika Djugu mwaka 1999, na baada ya miaka michache vilikuwa ndani ya nyumba zetu. Mwezi wa 5 mwaka 2003, askari wa Uganda walipoondoka Bunia, makundi ya silaha yalipigana katika mitaa ya mji. Katika parokia ya Nyakasanza mapadri wawili waliuawa, pamoja na watu waliokimbilia kwao. Maelfu walikwenda kulala karibu na uwanja wa ndege na karibu na askari wa Umoja wa Mataifa. Maelfu wengine walishika njia ya Komanda ili wafike Beni. Sisi tulikuwa kati ya hao wa njia ya Komanda, kwa miguu, na baba katikati yetu. Umri wake ulikuwa umepita miaka sabini. Alibeba daftari lake tu, na rozari.

Baada ya Komanda homa ilimshika. Hatukuwa na dawa. Alikufa usiku, kandokando ya njia, akishika mkono wa mama yetu. Mwenye shamba mmoja, ambaye lugha yake hatukuielewa, alituazima jembe na kuchimba pamoja nasi. Mama mmoja mkimbizi alivua kitenge chake cha pili ili tumfunike. Tulifunga fimbo mbili kwa kamba ya mti, tukasimamisha msalaba. Hapakuwa na kilio, hapakuwa na matanga. Mchana ule ule ilitupasa kuendelea na safari.

Miaka mitatu baadaye tulirudi kumtafuta. Msitu ulikuwa umekua, mchwa walikuwa wamekula fimbo zile mbili, na yule mwenye shamba naye alikuwa amekimbia. Tulitafuta siku mbili. Hatukupata kaburi. Yeye aliyeandika mahali pa kila mfu, mahali pake hakuna aliyepaandika.

Tuliporudi Bunia, wengine kati yetu walitaka kujenga kaburi la simenti hapa mjini, lenye jina lake, ili nasi tupate pa kwenda siku ya wazazi. Ukoo ulikutana, franga zikaanza kuchangwa. Mama alisikiliza wote, halafu akasema: «Msijenge kaburi lisilo na mtu. Daftari lake ninalo. Nendeni mkalime makaburi ya wale aliowaandika.» Hakuna aliyeweza kujibu. Tangu mwaka ule, kila tarehe 1 mwezi wa 8, tunachukua daftari la baba na majembe, watoto, wajukuu na vitukuu, tunatafuta kaburi lisilo na watu, tunalilima. Tunafanya hivyo tukitumaini kwamba huko njiani, kati ya Komanda na Eringeti, mtoto wa mtu mwingine anafyeka majani pale alipolala baba yetu. Na kama hayuko, Mungu anapajua.

Ndugu wapendwa, tunajua kwamba si sisi peke yetu. Katika kanisa hili ni wachache wasio na mfu aliyebaki njiani. Ndiyo sababu, kwa heshima, tunaleta mbele yenu maombi matatu.

La kwanza: kila jumuiya ya kikristu ichague kaburi moja lisilo na watu, ilitengeneze siku ya wazazi, bila kuuliza kabila la aliyelala ndani.

La pili: kila ukoo ulete kwa padri majina ya wafu wake waliozikwa katika kukimbia, yaandikwe katika kitabu kimoja cha parokia, na yasomwe tarehe 2 mwezi wa 11, siku tunapowaombea marehemu wote.

La tatu: tuwasimulie watoto wetu habari za wafu hao, lakini tusiwape pamoja nazo chuki. Baba alizika watu wa kila upande, na katika daftari lake hakuna ukurasa wa adui.

Daftari hilo tumelileta leo, liko mbele ya altare. Kwenye mstari wa mwisho tumeandika sisi wenyewe jina la baba na mwaka 2003. Mahali pa kaburi tumeacha wazi.

Mungu ampe raha ya milele, yeye na wafu wetu wote. Kwa parokia yetu tunaomba amani na miaka mingi.