Kuta zitutembeze

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, walau dakika 150 kwa wiki. Na tangu mwongozo wa 2020, hata dakika chache chache zinahesabiwa. Huku Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, dakika nyingi zinaishia kwenye benchi la kusubiri huduma. Wachoraji wetu wapewe kuta za veranda za sehemu hizo: picha moja kila baada ya hatua kadhaa, mpaka uani, na ngazini palipo na ghorofa. Wazigua na Wasambaa wa huku walifunda vijana kwa sanamu za udongo. Mtafiti Hans Cory aliziandikia kitabu mwaka 1956. Sanaa inayofundisha ina kwao hapa. Halmashauri zitenge fedha za rangi, na anayesubiri aambiwe: zunguka, utaitwa.