Mama wa Kunyonya: Jina na Kilichofichwa na Jina



Katika Kiswahili, mwanamke anayemnyonyesha mtoto asiyemzaa huitwa mama wa kunyonya, na watoto waliokutana katika ziwa lake huwa ndugu wa kunyonya. Hilo ni jina la ukoo, si la kazi. Linampa mwanamke huyo heshima ya mzazi. Hata hivyo, halielezi kilichomfikisha hapo.

Mfano unaojulikana zaidi katika pwani ni wa Halima wa Banu Saad, ambaye hutajwa Maulidi ya Barzanji yasomwapo. Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba alikwenda Makka katika mwaka wa ukame kutafuta mtoto wa kunyonyesha kwa ujira. Wenzake walimkataa yatima, kwa kuwa malipo hutarajiwa kwa baba. Halima naye alisita, kisha akamchukua ili asirudi mikono mitupu. Haja ilitangulia, mapenzi yakafuata.

Kurani inaruhusu ujira huo (2:233), na inaharamisha ndoa baina ya ndugu wa kunyonya (4:23). Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, udugu huthibiti mtoto anyonyapo mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa hiyo wapo wanaonyonyesha si kwa malipo, bali ili yatima wanayemlea awe maharimu wa nyumba.

Wapo pia ambao hawakuulizwa. Unguja, kabla ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, mtumwa aliyeamriwa kumpa ziwa mtoto wa bwana hakuwa na la kukataa. Naye, kwa sheria ileile, alikuwa mama wa kunyonya.

Hapa sarufi ina la kufundisha. Kitenzi nyonya, kikipata kiambishi cha kutendesha, huwa nyonyesha: mwanamke ndiye mtenda, ndiye anayetoa. Kitenzi hichohicho kimezaa unyonyaji, neno ambalo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililitumia kwa maana ya kula jasho la wengine. Huko mtoaji si mtenda tena, ni mtendwa.

Basi mtafiti wa istilahi za ukoo asitosheke kuliandika jina. Aulize pia: mama huyu alinyonyesha, au alinyonywa?